Kabla ya Kununua Gari, Uliza Bei ya Kioo Chake

Betri ya gari langu ilikufa asubuhi moja, masika yakiwa ndiyo kwanza yameanza. Fundi alikuja na betri mpya, akaifunga, injini ikaitika mara moja. Kilichogoma ni kioo cha katikati ya dashibodi. Kilitoa mstari mmoja wa maandishi ya Kijapani, namba ndefu na kisanduku cha kujazia tarakimu, basi. Redio hakuna, kamera ya nyuma hakuna.

"Dada, redio imejifunga hii," fundi akaniambia. "Inataka namba ya siri, na mwenye namba yuko Japani."

Yadi iliyoniuzia gari ilinijibu kwamba maadamu gari linatembea, wao hawadaiwi kitu. Nikaanza kuzunguka. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, niliambiwa ninunue redio nyingine iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Kariakoo niliambiwa nitupe yote, nifunge redio ya Android. Kijana mmoja mwenye meza ndogo pembeni mwa duka aliwasha kioo, akanakili namba ndefu iliyokuwa ikionekana, akaitumia kupata namba ya kufungulia, akaiingiza, redio ikaamka. Kati ya bei hizo tatu, ya juu ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya chini, na tatizo lilikuwa lile lile moja.

Tangu hapo kila fundi ninayekutana naye namuuliza habari za vioo vya magari. Kubwa nililolipata ni kwamba mmiliki wa gari hupoteza fedha pale anapokubali kukitazama kioo kama kitu kimoja, kizima au kibovu, cha kubaki au cha kutupwa. Mafundi wa simu wa Kariakoo waliacha kufikiri hivyo zamani. Ukiwapelekea simu, swali la kwanza ni: tachi au kioo? Tachi ni lile tabaka la juu linalohisi kidole. Kioo ndicho kinachotoa picha. Nyuma yake kuna taa inayokiangaza, kuna utepe wa nyaya, kisha bodi yenye chipu, na kwenye bodi hiyo kuna kumbukumbu inayohifadhi programu. Gari lina vitu hivyo hivyo, ila vimefungiwa ndani ya boksi moja, na wakala wa kampuni huuza boksi zima.

Dalili zenyewe husema. Picha ikiwa safi lakini kidole hakisikiki, au kioo kinajibonyeza chenyewe, tachi imekufa. Kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona kivuli cha picha, kilichoungua ni taa ya ndani. Mistari ya rangi huashiria kioo chenyewe au utepe wake. Kikiwaka kikaishia kwenye nembo ya kampuni, kikazima na kuwaka tena bila kuchoka, shaka iende kwenye kumbukumbu au programu. Na kikizima kabisa, fyuzi ipimwe kwanza kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua dashibodi.

Kasoro ya tachi imewatesa wengi, na Marekani kuna mfano mkubwa. Cadillac ilianza kufunga mfumo wake wa kioo cha kugusa, CUE, kwenye magari ya modeli ya 2013. Baada ya muda tachi za magari hayo zilianza kutoa nyufa kama utando wa buibui, hazijagongwa wala kubonyezwa kwa nguvu, kisha zikaacha kuhisi kidole. Kwa wakala, kubadilisha kifaa kizima kuligharimu zaidi ya dola 1,000. Nje ya wakala zikaingia sokoni tachi peke yake, zilizotengenezwa bila jeli ya katikati ya tabaka iliyokuwa chanzo cha tatizo, kwa bei ya dola mia moja hivi, na mwenye bisibisi na subira aliweza kuifunga nyumbani kwake kwa mchana mmoja. Mwenye gari asiyejua kwamba kilichokufa ni tachi tu hakuwa na namna ya kuiona tofauti hiyo ya bei.

Kwetu, wenye Mazda Demio na Axela zilizotengenezwa kuanzia 2014 au karibu na hapo wanaujua ugonjwa unaofanana na huo. Kioo cha inchi 7 kinaanza kujibonyeza: redio inabadilika, simu zinapigwa, ramani inakimbia, na hakuna aliyekigusa. Hapa kuna ufumbuzi ambao karibu hauna gharama. Magari hayo yana kitufe cha kuzungusha karibu na gia, na kitufe hicho kinafanya karibu kila kazi ya kioo. Fundi anachomoa utepe wa tachi pekee, picha inabaki, kamera inabaki, na dereva anaendelea kwa kuzungusha kitufe. Mazda wenyewe, walipotoa Mazda3 mpya mwaka 2019, waliondoa kabisa uwezo wa kugusa kioo wakabakiza kitufe. Mimi nalihesabu gari lenye njia mbili za kufanya jambo moja kuwa na thamani zaidi, kwa sababu njia moja ikifa bado una gari kamili.

Kumbukumbu nayo ina mwisho wake, na waliolipia somo hilo kwa bei kubwa ni wenye Tesla. Model S za 2012 hadi mwanzoni mwa 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya GB 8. Programu ya gari iliandika taarifa zake humo saa zote. Kumbukumbu za aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na hizi zilikuwa zikifa baada ya miaka mitano au sita. Kioo kikizima, kamera ya nyuma ilitoweka, na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele vikaondoka nayo. Januari 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliitaka Tesla iyarudishe magari hayo kwa matengenezo, na mwezi uliofuata kampuni ikakubali kurudisha takriban 135,000. Chipu ya GB 64 ndiyo iliyokuwa tiba. Kabla ya hapo wapo waliokwisha kulipa zaidi ya dola 1,000 kubadilisha kompyuta nzima, wakati mafundi wachache wenye ujuzi wa kuchomelea walikuwa wakibadilisha chipu ile moja.

Kwa nini vioo vya magari vinakufa mapema kuliko televisheni ya sebuleni? Jua ni sababu kubwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State na wenzao wa San Diego walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja siku za joto kali, wakakuta dashibodi zimefikia wastani wa nyuzi joto 69 za Selsiasi. Gundi inayoshika tabaka za kioo haikutengenezwa kukaangwa hivyo kila siku kwa miaka kumi. Anayeegesha gari Tanga, Mombasa au Dodoma anajua usukani unavyounguza saa nane mchana. Lile karatasi la kung'aa la kuweka nyuma ya kioo cha mbele ni rahisi kuliko matengenezo yoyote nitakayoyataja hapa, na mimi sasa silisahau.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtu ambaye kioo cha gari lake kimekufa ana njia nne: boksi jipya kutoka kwa wakala, boksi la mtumba, Android, au kutengeneza kilichoharibika.

Boksi jipya la wakala linafaa gari likiwa bado chini ya dhamana, au kioo chenyewe kikiwa ndicho kinachoendesha kiyoyozi na mipangilio mingine ya gari. Nje ya hapo siwezi kulipendekeza. Kwa gari la mtumba lililotengenezwa kwa soko la Japani, mara nyingi wakala wa hapa hana kifaa hicho, na akikiagiza utalipia kifaa, usafirishaji na ushuru.

Boksi la mtumba, lile la kuvunjwa kwenye gari jingine, ndilo ninaloliogopa zaidi, ingawa Gerezani na Mtaa wa Kirinyaga kule Nairobi limejaa na bei yake inavutia. Limekaa juani miaka ile ile. Gundi yake ina umri ule ule. Kama ni la Japani, linaweza kuja limefungwa kwa namba ya siri kama langu, au likadai kadi ya ramani ambayo mtu aliichomoa kitambo. Redio nyingi za Toyota za soko la Japani, zile ambazo namba zake huanza na NSZT, hukataa kufanya kazi bila kadi yake ya ramani. Ukinunua boksi la mtumba, liwashwe mbele yako, liguswe pembe zote nne na katikati, kisha uombe lizimwe kabisa kwenye umeme na kuwashwa tena. Muuzaji akikataa hilo la mwisho, mwache na boksi lake.

Android ndiyo njia ya wengi, na sielewi wanaoidharau. Nairobi, ya inchi 9 pamoja na fremu yake hupatikana kuanzia takriban shilingi 12,000 za Kenya hadi 25,000, kutegemea kumbukumbu na ubora. Inasema Kiswahili au Kiingereza, inaonyesha ramani za hapa. Inashika redio zetu pia: redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa yanayoanzia megahezi 76 na nyingi huishia 90, wakati sisi tunatangaza kati ya 87.5 na 108, na hiyo ndiyo sababu gari lililotoka melini linashika stesheni mbili tatu tu. Kama stesheni ndiyo shida yako pekee, usinunue Android. Kile kidude cha kupanua masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena ni bei ndogo na kinatosha.

Lakini Android ina mitego, na mingi inatoka kwenye ufungaji kuliko kifaa chenyewe. Kamera ya nyuma iliyokuja na Toyota nyingi hutumia umeme wa volti 6. Fundi asiyejua huiunganisha na volti 12 za Android na kuiunguza, kisha anakuuzia kamera nyingine. Mwulize kabla hajaanza. Dai pia soketi ya kati, ile inayochomekwa kwenye nyaya za gari bila kuzikata, kwa sababu nyaya zikishakatwa na kufungwa kwa solotepu, redio yako ya awali haitarudi kwa urahisi, na siku moja utamlipa mtu mwingine kutafuta waya unaopiga shoti. Kama usukani una vitufe vya sauti, uliza kama vitaendelea kufanya kazi. Gari likilala siku tatu betri ikaisha, fahamu kwamba Android fulani hazizimi kabisa, hubaki zimesinzia zikinywa umeme. Na usinunue kwa kusoma toleo la Android lililoandikwa kwenye kioo, kwa kuwa wauzaji wasio waaminifu huandikisha toleo lisilo lake. Angalia RAM. Yenye GB 1 itakuchosha ndani ya mwaka. Nenda GB 2 au zaidi.

Kutengeneza kilichoharibika ndiyo njia ninayoiweka mbele, hata kama unamiliki gari la bei kubwa. Tachi nyingi zinaagizwa kwa kipimo cha inchi na namba iliyochapwa kwenye utepe wake, na fundi mzuri wa simu anaweza kuifunga. Nimeona mafundi wa magari wakipeleka redio kimyakimya kwa vijana wa simu, kisha wakamtoza mteja mara mbili. Nenda mwenyewe.

Fanya hesabu kwa mwaka badala ya kuangalia bei ya dukani pekee. Tuseme tachi na ufundi ni shilingi 7,000 za Kenya na redio ikaishi miaka minne: unalipa 1,750 kwa mwaka. Tuseme Android ni 18,000 ikaishi miaka mitatu: 6,000 kwa mwaka. Tuseme boksi la wakala ni 90,000 likaishi miaka tisa: 10,000 kwa mwaka, na gari lenyewe huenda usikae nalo miaka tisa. Namba hizi ni za mfano; weka ulizotajiwa wewe, uone zinaangukia wapi. Kwa magari niliyoyauliza mimi, matengenezo yameshinda karibu kila mara, Android ikafuata.

Kioo kilicho mbele ya dereva, kile chenye spidi na mafuta, hakimo katika hesabu hiyo. Usikubali kirahisi kubadilishiwa cha gari jingine, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kilomita zilizotembewa. Utaondoka na kilomita za mtu usiyemjua, na siku ya kuuza utaonekana mdanganyifu. Hiki kitengenezwe chenyewe. Toyota Prius za 2004 hadi 2009 ni mfano mzuri: kioo cha spidi kilizima ghafla, na wakati mwingine gari likakataa kuzimika kwa kitufe. Wengi waliambiwa wabadilishe kifaa kizima. Mafundi wa elektroniki waliokifungua walikuta kapasita ndogo zimechoka, spea za bei ya chini kabisa.

Yote haya ni kwa magari ambayo redio yake inatoka. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2005 hadi 2018 yaliacha nafasi ya redio yenye kipimo cha kawaida, urefu milimita 100 na upana 180, na 200 kwa Toyota nyingi, ili mnunuzi achague redio yake. Nafasi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Sasa inaondoka. Toyota ilipozindua Corolla mpya nchini Japani Septemba 2019, kioo kilikuja kama sehemu ya gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka 2026 anayeagiza kupitia Mombasa anachagua magari ya 2019 na kuendelea. Tanzania haikatazi ya zamani, ila huyatoza ushuru wa ziada. Maana yake, mnunuzi wa Kenya sasa anaingia moja kwa moja kwenye kizazi cha vioo visivyotoka, na mnunuzi wa Tanzania bado ana nafasi ya kuchagua kwa kulipia.

Mimi ningemshauri Mtanzania aipige hesabu hiyo kwa makini kabla ya kukimbilia gari jipya zaidi. Kwa Mkenya, uchaguzi uko ndani ya magari mapya yenyewe: tafuta lile ambalo kiyoyozi chake kina vitufe vyake. Yapo, na yanaongezeka. Honda Fit ya 2020 ilirudisha vifundo vya kuzungusha kwenye kiyoyozi, baada ya wateja kulalamika kwamba vya kugusa vya modeli iliyotangulia vilikuwa vigumu kutumia. Machi 2025 mkuu wa usanifu wa Volkswagen alitangaza kwamba sauti, joto, feni na taa za dharura zitarudishiwa vitufe. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, kuanzia 2026 haitoi alama za juu kwa gari lisilo na vidhibiti halisi vya indiketa, taa za dharura, honi, waipa na simu ya dharura. Wao wanahangaikia usalama. Kwangu mimi faida ya pili ni kubwa vilevile: kifundo cha feni kikivunjika, unabadilisha kifundo.

Siku ya kukagua gari, kaa ndani dakika kumi injini ikiwa inaunguruma. Gusa kioo kila pembe. Rudi nyuma uione kamera. Zima kioo, kisha jaribu kubadilisha joto, feni na sauti. Kile usichoweza kukifanya kioo kikiwa kimezimwa ndicho utakachokosa siku kitakapokufa. Chungulia kwenye tundu la kadi uone kama kadi ya ramani imo, na usimruhusu mtu aichomoe. Mpigie fundi wa redio, mtajie modeli na mwaka, umuulize tachi yake inapatikana na ni shilingi ngapi. Akikuambia haipatikani, punguza ofa yako kwa bei ya boksi zima.

Na kama tayari una gari la Japani, muombe fundi ashikilie umeme kwa betri ya pembeni kila anapobadilisha betri, ili redio isijifunge. Namba ya kufungulia redio yangu nimeiandika kwenye daftari la gari, chini ya tarehe ya kumwaga oili. Andika na yako leo, betri ikiwa bado nzima.